Mgogoro Ukizuka, Kesi Iende Wapi? Vipengele Vitano vya Kuchagua Mahakama Vikilinganishwa

Mnaweza kuvutana juu ya bei wiki nzima, mkabishana malipo ya awali yawe asilimia ngapi, halafu kipengele cha migogoro kikapita bila mtu kukisoma, kwa kuwa kimenakiliwa kutoka mkataba wa mwaka juzi. Siku mzigo ukifika umelowa, au mwenzako akiacha kulipa, kipengele hicho ndicho kitakachoamua kama wakili wako ataanzia masijala ya Mahakama Kuu Dar es Salaam, Milimani kule Nairobi, au kwenye ofisi ya mawakili London inayotaka kulipwa kabla haijafungua faili.

Aina zinazokutwa mara nyingi ni tano: mahakama ya nyumbani pekee, mahakama ya nje pekee, mahakama isiyofungwa, kipengele cha upande mmoja, na usuluhishi. Tunazilinganisha kwa macho ya mfanyabiashara au mwanasheria wa kampuni wa Tanzania au Kenya anayeingia mkataba na mtu wa nchi nyingine.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuchagua sheria si kuchagua mahakama. Mkataba unaosema "utatawaliwa na sheria za Uingereza" haujasema kesi isikilizwe London. Jaji wa Nairobi anaweza kuusikiliza na kuletewa ushahidi wa wataalamu juu ya sheria hiyo. Pili, wahusika hawawezi kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Tanzania jambo hili lilisemwa wazi tangu shauri la Shyam Thanki dhidi ya New Palace Hotel la mwaka 1971: mamlaka ya mahakama yanatoka kwenye sheria, na maafikiano ya wahusika hayayaumbi. Kipengele kinachagua kati ya mahakama ambazo tayari zina uwezo. Mkiandika kwamba mgogoro wa shilingi bilioni mbili utaamuliwa na Mahakama ya Mwanzo ya mtaani kwenu, mmeandika maneno tu.

Vigezo vinne

*Mali iko wapi.* Hiki ndicho kigezo cha kwanza, na wengi hukiweka cha mwisho. Hukumu ni karatasi mpaka ifike mahali penye akaunti ya benki, ghala, malori au meli ya mdaiwa. Kenya ina sheria ya kusajili hukumu za nje, Sura ya 43, yenye orodha ya nchi: Australia, Malawi, Rwanda, Seychelles, Tanzania, Uganda, Uingereza na Zambia. Hukumu ya mahakama za juu za nchi hizo husajiliwa Mahakama Kuu ndani ya miaka 6 tangu ilipotolewa, kisha ikatekelezwa kama ya nyumbani. China, Marekani na Falme za Kiarabu hazimo. Hukumu ya huko haifi, ila inabidi ufungue kesi mpya Kenya ukiitumia kama ushahidi wa deni. Tanzania nayo ina sheria yake, Sura ya 8, na orodha yake. Uingereza imo, lakini orodha hizo mbili hazifanani, kwa hiyo nchi iliyomo kwa Kenya usidhani imo kwa Tanzania bila kufungua tangazo la serikali lenye orodha hiyo.

*Je, kipengele kitaheshimiwa?* Mahakama ya nchi nyingine ikipelekewa kesi kinyume cha mlivyoandika, itaikataa au itaendelea nayo?

*Gharama ya kufika.* Ada, mawakili wa kigeni, tafsiri, mashahidi kusafiri, na dhamana ya gharama ambayo mdai anayeishi nje ya nchi huweza kuamriwa kuiweka kabla kesi haijasonga.

*Dharura na watu wa pembeni.* Unaweza kupata amri ya zuio haraka mahali mali ilipo? Na mdhamini, wakala wa meli au kampuni ya bima ambao hawakutia saini mkataba huo utawaingizaje?

Mahakama ya nyumbani pekee

Mfano wa maneno: "Mahakama za Tanzania Bara pekee ndizo zitakazokuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro wowote unaotokana na mkataba huu au unaohusiana nao." Neno linalofunga mlango ni "pekee". Lisipokuwepo, mnaweza kuanza ugomvi mwingine juu ya maana ya kipengele kabla ya kufika kwenye deni lenyewe. Maneno "unaohusiana nao" yana kazi pia: bila hayo, upande wa pili atasema madai yake ni ya udanganyifu kabla ya mkataba, si ya mkataba, na kwa hiyo hayamo ndani ya kipengele.

Angalia pia kwamba tumesema Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, tofauti na Mahakama Kuu ya Tanzania. Zinakutana kwenye Mahakama ya Rufani. Mkataba wa hoteli ya Nungwi unaosema "mahakama za Tanzania" umeacha ufa ambao wakili mzuri ataupitia.

*Mali.* Kipengele hiki ni bora kabisa kama mwenzako ana mali hapa hapa: tawi, hisa, nyumba, fedha ambazo bado hujamlipa. Kama hana hata kiti Dar es Salaam, utashinda haraka na hutakamata kitu. Muuzaji wa korosho anayemdai mnunuzi wa nje asiye na mali nchini anapendelea mahakama ya nyumbani kwa kuwa anaijua, kisha anatembea na hukumu nchi ambayo haiko kwenye orodha yoyote.

*Kuheshimiwa.* Mahakama yako mwenyewe itakiheshimu bila shida. Swali ni mahakama ya kwao. Huko inategemea sheria yao, na tafsiri iliyoandikwa vizuri husaidia.

*Gharama.* Hii ndiyo nafuu kuliko zote kwako, na kwa madeni madogo ya Kenya nafuu inazidi: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Usifunge mkataba wa KSh 600,000 kwenye kitu kingine chochote.

*Dharura na watu wa pembeni.* Zuio unalipata mahali ulipo. Mdhamini wa nyumbani anaunganishwa kirahisi. Tatizo ni kumfikishia wito mdaiwa aliye nje, maana kunahitaji kibali cha mahakama na hula miezi. Dawa yake ni sentensi moja: mwenzako ateue wakala mwenye anwani nchini wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yake, na uteuzi huo usifutwe mpaka ateue mwingine.

Kinamfaa: anayekabiliana na mwenzake mwenye mali nchini, na anayetarajia kuwa mdaiwa zaidi kuliko mdai. Mwajiri wa mkandarasi, kwa mfano, ambaye fedha ziko mkononi mwake.

Mahakama ya nje pekee

Wengi hukutana na kipengele hiki bila kukijadili. Kimechapwa kwa herufi ndogo nyuma ya hati ya shehena, ile karatasi ya mwenye meli unayoitumia kudai mzigo wako. Masharti ya kampuni ya meli ya Maersk, kwa mfano, yanapeleka migogoro Mahakama Kuu ya Uingereza, London, isipokuwa shehena zinazogusa Marekani ambazo huenda New York. Hujawahi kusaini karatasi hiyo, lakini umeipokea, umeidai shehena kwa kuitumia, na mahakama zitasema umeingia.

*Kuheshimiwa.* Hapa watu hujidanganya kwamba "mahakama zetu hazitatutupa". Katika Rufani ya Madai Na. 98 ya mwaka 2016, kati ya Sunshine Furniture na Maersk China pamoja na Nyota Tanzania, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishikilia kipengele cha London kilichokuwa kwenye hati ya shehena. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka 2005 katika shauri la Raytheon Aircraft Credit Corporation dhidi ya Air Al-Faraj, kwenye mkataba wa ndege uliochagua mahakama za Kansas. Kanuni ni kwamba anayetaka kutoka kwenye kipengele ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha sababu nzito. Mlango haujafungwa kabisa: mwaka 1985, katika shauri la United India Insurance, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema mahakama za Kenya zina hiari ya kusikiliza mgogoro wa mkataba unaotekelezwa Kenya hata kama kipengele kinataja nchi nyingine. Lakini hiari hiyo hutumika kwa uangalifu.

Sababu zipi ni nzito? Vipimo vinatoka kwenye shauri la Uingereza la meli Eleftheria la mwaka 1969. Ushahidi uko wapi, na tofauti ya gharama ikoje. Sheria ya nchi gani itatumika. Wahusika wana uhusiano gani na kila nchi. Je, mdaiwa kweli anataka kusikilizwa huko, au anatafuta kukuchosha tu? Na je, mdai akienda huko ataumia kwa sababu ya ukomo wa muda, kukosa dhamana, au kutotendewa haki? Kusema tu kwamba London ni ghali haitoshi, kwa sababu uliijua bei hiyo siku ulipokubali, au ulipaswa kuijua.

Ukomo wa muda ndiko watu wengi wanakozama. Hati nyingi za shehena zinafuata Kanuni za The Hague, kanuni za kimataifa za usafirishaji wa mizigo baharini, ambazo zinampa mwenye mzigo mwaka 1 tu tangu mzigo ulipokabidhiwa, au ulipopaswa kukabidhiwa, kufungua kesi. Fuatisha kontena moja la samani lililoingia bandarini likiwa limelowa. Upungufu usioonekana kwa nje unatakiwa kutolewa taarifa ya maandishi ndani ya siku 3. Mwenye mzigo anaandika barua, anaita mkaguzi, anapiga picha za maji na za lakiri, anabishana na wakala wa meli miezi saba. Mwezi wa kumi anafungua kesi Dar es Salaam. Mwezi wa kumi na nne pingamizi la awali linakubaliwa, kesi inatupwa, na London mlango ulikwisha kufungwa tangu mwezi wa kumi na mbili. Mahakama haitamhurumia kwa sababu ya muda uliopotea, kwa kuwa alikuwa na hati mkononi muda wote. Kinga yake ni rahisi: kabla mwaka haujaisha, omba kwa maandishi uongezewe muda (wenye meli huukubali mara nyingi, kwa vipindi vya miezi mitatu mitatu), na ukinyimwa, fungua kesi London hata kama unaendelea na ya Dar es Salaam.

*Mali.* London ina nguvu pale mdaiwa anapokuwa na mali Uingereza, au katika nchi inayopokea hukumu za Uingereza. Kwa Kenya na Tanzania hukumu ya Mahakama Kuu ya Uingereza husajiliwa, kwa hiyo mwenzako wa nje akishinda London anakufikia nyumbani. Dubai lazima uisome kwa makini zaidi. "Mahakama za Dubai" ni zile za kawaida, zinazoendeshwa kwa Kiarabu, na kila karatasi yako itafsiriwe na mfasiri aliyesajiliwa. "Mahakama za DIFC", yaani za eneo la kituo cha kimataifa cha fedha cha Dubai, ni chombo kingine, kwa Kiingereza, na tangu 2011 zinapokea kesi za watu wasio na uhusiano wowote na eneo hilo mradi wamekubaliana kwa maandishi. Neno moja likibadilika, unabadilisha lugha ya kesi.

*Gharama.* Ni kubwa, na kwa Uingereza anayeshindwa hulipa sehemu kubwa ya gharama za mshindi. Mgogoro wa dola 40,000 hauwezi kubeba kesi ya Mahakama Kuu ya London, na mwenzako anajua. Kipengele cha namna hiyo kwenye mkataba mdogo ni njia ya kuhakikisha hakuna kesi kabisa.

*Dharura na watu wa pembeni.* Zuio la London dhidi ya mali iliyoko Mwanza bado linahitaji hatua nyingine nyumbani. Watu wa pembeni ni kigezo kinachoweza kukivunja kipengele: kama una madai halali dhidi ya watano na ni mmoja tu mwenye kipengele cha London, jaji anaweza kuona ni afadhali yote yasikilizwe pamoja hapa. Bali ukimuunganisha wakala wa meli kwa ajili ya kupata kisingizio tu, ataondolewa na hoja yako itaondoka naye.

Kinamfaa: mkataba mkubwa wa fedha, meli, ndege au mafuta ambapo pande zote zina mawakili wa kudumu na mali imesambaa nchi nyingi.

Mahakama isiyofungwa

"Mahakama za Kenya zitakuwa na mamlaka, bila kuzuia upande wowote kufungua kesi katika mahakama nyingine yenye mamlaka."

*Mali.* Hapa ndipo ilipo raha yake. Unafuata mali ilipo siku ya mgogoro, si ilipokuwa siku ya kusaini. Mwenzako akihamisha malori kutoka Mombasa kwenda Kampala, unaweza kumfuata.

*Kuheshimiwa.* Ni dhaifu kwa makusudi. Kinamzuia mwenzako kulalamika kwamba Kenya haimhusu, basi. Hakimzuii kukuwahi kwao. Na anayekuwahi hupata faida: mahakama ya pili inaweza kusimamisha kesi yako ikisubiri ya kwanza, au zikaenda sambamba na kutoa hukumu mbili zinazopingana.

*Gharama* haitabiriki. Andaa bajeti ya mahali pawili.

*Dharura na watu wa pembeni.* Rahisi kuliko zote. Hakuna anayeweza kusema umevunja mkataba kwa kuomba zuio mahali penye mali.

Kinamfaa muuzaji wa mkopo na mkodishaji wa mitambo, yaani mtu ambaye karibu kila mara atakuwa mdai. Asiyejua kama atakuwa mdai au mdaiwa asikichague kwa uvivu wa kujadili.

Kipengele cha upande mmoja

Mikataba ya mikopo ya kibenki hukipenda. Mkopaji anaweza kushtaki kwenye mahakama moja tu. Benki inaweza kushtaki hapo au popote penye mali ya mkopaji. Kwa benki hoja ni ya kueleweka: imeshatoa fedha zake, na kilichobaki kwake ni kudai.

*Kuheshimiwa* ndiko kwenye utata. Mahakama za Uingereza zimekuwa zikivitekeleza. Ufaransa, Mahakama ya Juu ya rufaa ilikikataa kimoja tarehe 26 Septemba 2012 katika shauri lililohusu benki ya kundi la Rothschild, kwa sababu kiliiachia benki uhuru usio na mipaka. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililigusa suala hilo Februari 2025 katika shauri la Lastre, ikataka maneno yaonyeshe kwa usahihi wa kutosha mahakama zinazoweza kuendewa, zikiwa za nchi za Umoja huo au za Mkataba wa Lugano, unaouunganisha Umoja huo na Uswisi, Norway na Iceland katika mambo ya mahakama na hukumu. Kwa hiyo maneno "mahakama yoyote yenye mamlaka duniani" yamekuwa hatari pale ambapo mmoja wenu ana mguu Ulaya. Orodhesha nchi kwa majina.

*Mali*: benki ina uhuru wote, mkopaji hana. *Gharama*: mkopaji ndiye anayebeba mshtuko, kwa kuwa hajui atashtakiwa wapi. *Dharura na watu wa pembeni*: hakikisha dhamana, rehani na mkataba wa mkopo vinasema jambo moja. Kosa la kawaida ni mkopo uliochagua London, rehani ya ardhi ya Arusha iliyochagua Tanzania, na barua ya mdhamini isiyosema lolote. Benki inajikuta na kesi tatu. Rehani ya ardhi yenyewe haina ujanja: mgogoro juu ya haki kwenye ardhi husikilizwa ardhi ilipo.

Kinamfaa mkopeshaji. Mkopaji akishindwa kukiondoa, aombe mambo mawili: orodha fupi ya nchi, na haki ya kuleta madai yake ya kukatana hesabu pale pale alipopelekwa.

Usuluhishi

Huu si uchaguzi wa mahakama, lakini kwenye meza ya majadiliano ndio mshindani mkuu wa mahakama. Tunazungumzia msuluhishi anayetoa tuzo, yaani uamuzi unaofunga pande zote, si upatanishi wa kuwakutanisha mkaelewana.

*Mali.* Hapa ndipo unapozipita mahakama kwa mbali. Mkataba wa New York wa 1958 unazitaka nchi wanachama kutekeleza tuzo za nje, na wengi unaofanya nao biashara wamo: Tanzania tangu 1964, China 1987, Kenya 1989, Uganda 1992, Oman 1999, Falme za Kiarabu 2006, Rwanda 2008, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2014. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mashine Guangzhou hana njia fupi ya kupeleka hukumu ya mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kule. Tuzo ana njia.

*Kuheshimiwa.* Sheria zinaunga mkono. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano ya kumzuia mtu kabisa kwenda mahakamani, ila inauacha usuluhishi upite. Sheria ya Usuluhishi ya Tanzania ya 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021, na ile ya Kenya ya 1995 zinaitaka mahakama kusimamisha kesi iliyofunguliwa kinyume cha kipengele. Kuna mtego wa muda: kifungu cha 6 cha sheria ya Kenya kinataka ombi hilo lije si baada ya siku unapoingia kwenye kesi. Ukijibu kwanza halafu ukakumbuka usuluhishi, umeshachelewa.

*Gharama.* Jaji analipwa na serikali. Msuluhishi mnamlipa ninyi, pamoja na ukumbi na kituo. Wasuluhishi watatu kwa mgogoro wa shilingi milioni 50 ni kuchoma fedha. Andika mmoja chini ya kiwango fulani, watatu juu yake. Vituo viko karibu: kile cha kimataifa cha Nairobi kilichoundwa kwa sheria ya 2013, na cha Kigali kilichofungua milango 2012. Pia wachache wanakumbuka kwamba Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa Ibara ya 32 ya Mkataba wa Jumuiya, inaweza kukaa kama msuluhishi wa mkataba wa biashara iwapo wahusika wameitaja.

*Dharura na watu wa pembeni.* Zuio la haraka bado mara nyingi linatoka mahakamani. Kifungu cha 7 cha sheria ya Kenya kinaruhusu Mahakama Kuu kulitoa bila kuharibu usuluhishi. Watu wa pembeni ni udhaifu wake mkubwa. Asiyesaini haitwi kirahisi, na mdhamini mwenye mkataba usio na kipengele hicho hubaki nje.

Mambo manne yasikosekane: mahali pa usuluhishi kisheria, kanuni za kituo kipi, idadi ya wasuluhishi, na lugha. "Usuluhishi, Nairobi au Dubai" kwa mkato wa namna hiyo ni mwaliko wa kwenda mahakamani kuuliza mlimaanisha nini. Kibaya zaidi ni mkataba ambao kifungu cha 18 kinasema usuluhishi, na kiambatisho cha bei kinasema mahakama. Andika kipi kinashinda.

Kinamfaa: biashara na nchi zisizo kwenye orodha za hukumu, ujenzi, na wanaotaka siri ya biashara itunzwe.

Kwa hali yako

Kama unauza kutoka Tanzania kwa mnunuzi wa Nairobi ambaye mali yake yote iko Kenya, chagua mahakama za Kenya, hata kama moyo unataka Dar es Salaam. Utaokoa hatua ya kusajili hukumu.

Unaagiza kutoka China, Uturuki au Dubai na unalipa sehemu kubwa kabla? Pambania usuluhishi, na uangalie profoma, ile ankara ya awali: mara nyingi masharti ya muuzaji yako nyuma yake, yana mahakama nyingine, na wewe umelipa bila kuyapinga. Rudisha barua pepe moja inayosema mkataba wenu mkuu ndio unaotawala.

Mkataba ukigusa madini, gesi au maliasili nyingine za Tanzania, mjadala ni mfupi. Sheria Na. 5 ya mwaka 2017 juu ya mamlaka ya nchi kwa maliasili inakataza migogoro hiyo kupelekwa kwenye mahakama au mabaraza ya nje. Vyombo viwe vya Tanzania na sheria iwe ya Tanzania. Usuluhishi wenye makao hapa ndio nafasi iliyobaki kwa mwekezaji anayeogopa mahakama.

Kama mko wengi, kampuni mama, kampuni tanzu, mdhamini na bima, tumieni kipengele kimoja neno kwa neno kwenye kila hati. Hapa mahakama hufanya kazi vizuri kuliko usuluhishi.

Kama mzigo umeshafika na hati inasema London, acha kujadili ubora wa kipengele. Weka tarehe ya mwaka 1 kwenye kalenda leo, toa taarifa kwa maandishi, omba nyongeza ya muda.

Na kama wewe ndiye uliyeshtakiwa mahali pasipo pa mkataba, hatua ya kwanza ndiyo inayoamua. Ingia kwenye kesi kwa kuandika kwamba unapinga mamlaka, leta pingamizi au ombi la kusimamisha kesi kabla ya kuwasilisha utetezi juu ya madai yenyewe, na ambatisha nakala kamili ya mkataba pamoja na ukurasa wa nyuma. Usiombe kuongezewa muda wa kujibu, usilete madai kinzani, usihudhurie mazungumzo ya ratiba ya kesi bila kuweka pingamizi lako kwenye kumbukumbu. Ukifanya lolote kati ya hayo, wakili wa upande wa pili atasema umekubali, na mara nyingi atakuwa sahihi.